Uzee Marufuku

Mimi ni msusi, na msusi hadanganywi umri. Mteja ataniambia ana arobaini, nami nitaitikia "hongera dada", lakini nikishagawanya nywele kwa kitana, ngozi ya kichwa inajisemea yenyewe. Kwa hiyo pale soko la Mlango Mmoja watu walipokuwa wakimshangaa Bibi Kulwa, mimi nilikuwa nacheka moyoni. Nani alikuwa anampaka piko kila mwezi? Mimi hapa, Winnie, mjukuu wake. Chini ya weusi ule kulikuwa na mvi tupu.

Lakini uso, jamani, sikuupaka mimi. Uso ulikuwa wake. Bibi Kulwa alikuwa ameshapita miaka sitini na tano, na shavu lake lilikuwa laini kuliko langu mimi ambaye sijafika hata thelathini. Iliniuma, sisemi uongo. Alikuwa anauza juisi ya choya chini ya turubai la buluu, na juu ya kibanda alikuwa amechorewa ubao kwa rangi nyekundu: JUISI YA BIBI KULWA, UZEE MARUFUKU. Watu walisoma ubao, wakamtazama mwenye kibanda, wakatoa pochi. Hakuhitaji tangazo lingine.

Juisi ya wateja ilikuwa nyepesi tu, choya na sukari na tangawizi. Ya kwake mwenyewe ilikuwa kitu kingine kabisa. Alichemsha choya mpaka ikawa rojo, akatia unga wa mlonge, akatia zambarau zilizopondwa, halafu akafungua vidonge alivyouziwa na wale akina mama wanaozunguka na makopo wakihubiri habari za "viondoa sumu mwilini", akamwaga unga wake humo, si kimoja wala viwili. Rojo hilo haliuzwi. Alilinywa asubuhi kwa kikombe cha bati, amefumba macho, kisha akasema, "Zeeka wewe, shetani!" Sisi tuliokuwa karibu tukaitikia amina huku tunacheka.

Sasa, Kulwa hawezi kuwepo bila Doto. Hata mtoto wa chekechea wa Kisukuma anajua: mapacha wakizaliwa, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Huyo Doto ndiye bibi mzaa mama yangu. Walizaliwa Magu, kwa mzee Machibya, wakiwa wamefanana mpaka mama yao alimfunga mmoja shanga mguuni ili amjue wa kumnyonyesha. Walipopata akili wakawa wanabadilishana shanga. Aliitwa Doto, akaitika Kulwa. Alikosa Kulwa, akachapwa Doto. Walikuwa wanasimulia hayo kila tukikutana, na kila mara wakicheka upya.

Na kwetu mapacha wana sheria yao. Ukimnunulia mmoja kanga, nunua mbili. Mmoja akiumwa akapewa dawa, mwenzake naye analambishwa kidogo, asije akajiona ametengwa akaugua. Wengine wanakuaga wanaacha. Hawa hawakuacha. Kulwa aliolewa mjini, Doto akabaki Magu, lakini rojo likipikwa Mwanza chupa moja lazima iende Magu, na mpunga ukivunwa Magu gunia moja lazima lije Mwanza.

Ila maisha yenyewe hayakuijua sheria hiyo. Doto alilima pamba na mpunga miaka yote, mgongo umeinama, jua linamwangukia shingoni na usoni. Kulwa alikaa kivulini. Ukiwaweka pamoja hukuona mapacha tena, uliona mtu na mama yake.

Mwaka juzi Bibi Doto akaona uvimbe kwenye titi, akanyamaza nao. Hapo mimi huwa nakasirika hadi leo. Alinyamaza mpaka uvimbe ukaanza kusema wenyewe, ndipo mama akanipigia simu, nikaenda Magu nikamchukua kwa nguvu. Tulipofika hospitali kubwa ya kilimani hapa Mwanza, Bibi Kulwa akiwa amemshika mkono, muuguzi wa mapokezi akanyanyua kichwa akamwambia Kulwa, "Dada, mlete mama yako huku apimwe presha."

Bibi Doto alicheka, ameziba mdomo kwa kanga. Bibi Kulwa, ambaye siku nyingine angelirudia neno hilo sokoni wiki nzima, hakujua aangalie wapi. Mimi nilimwona.

Ilikuwa saratani. Titi likaondolewa. Baada ya kidonda kupona, daktari akatukalisha. Alikuwa kijana anaitwa Venant, Mhaya wa Muleba, suruali imenyooka utadhani haijawahi kukaliwa. Nilijiandaa kumchukia. Lakini alianza na shikamoo kwa kila bibi, akaongea Kiswahili cha kueleweka, basi nikamsamehe suruali.

"Bibi Doto," alisema, "uvimbe tumeutoa, lakini mbegu zake huenda zimebaki, ndogo, hatuzioni. Sasa tunakupiga mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Mionzi ndiyo tegemeo letu. Zikiponyoka hapa, zitasambaa, na zikisambaa sina njia nyingine nzuri kama hii. Kuna dawa yoyote nyingine unayotumia? Ya kienyeji? Ya kopo?"

"Hakuna, mjukuu wangu."

Na hakuwa anadanganya! Hilo ndilo jambo ambalo mtu asiye wa kwetu hawezi kulielewa. Aliamini kabisa kwamba anasema kweli.

Basi mionzi ikaanza. Bibi Doto alihamia kwangu, Mabatini, na kila asubuhi tulikwenda hospitalini, na kila asubuhi Bibi Kulwa alitukuta kwenye benchi la nje na chupa yake ya chai. Ndani hamkuwa na chai. Alikuwa amelizidishia rojo ukali mara mbili, mgonjwa apate nguvu za kupambana. Alimimina kikombe kimoja, akanywa nusu, akampa mwenzake nusu. Kulwa anatangulia, Doto anafuata. Halafu Doto anaingia kulala chini ya lile jitu la mashine linalozunguka bila kumgusa, bila kuuma, anatoka anasema, "Sijasikia kitu. Kweli Mungu kawapa wazungu akili."

Asubuhi moja Daktari Venant akapita akiwa na haraka zake, akasalimia, akapiga hatua, akarudi. Aliiona midomo yao. Ilikuwa ya zambarau, ya wote wawili.

"Bibi zangu, mmekunywa nini?"

"Cha kwetu tu," Bibi Doto akasema.

"Kina nini ndani?"

Bibi Kulwa akafurahi. Alidhani kijana anataka kujifunza. Akaanza kutaja kwa madaha, choya, mlonge, zambarau, tangawizi, na daktari anaitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye vidonge vya makopo, na idadi yake, Venant akakaa chini kwenye benchi, na suruali yake yote.

"Bibi Doto, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza dawa, mjukuu wangu. Hii si dawa. Hii ni ya mapacha."

Nakiri hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimekaa hapohapo siku zote hizo, nimeona kikombe, na mimi pia sikukiita dawa. Unakasirika na nani sasa?

Venant hakufoka. Alivuta pumzi akauliza, "Bibi Kulwa, jiko lako la mkaa likiwaka, linatoa cheche?"

"Linatoa."

"Basi ndani ya mwili, kila seli, kila kijumba kidogo kinachoujenga mwili, kina jiko lake. Hewa unayovuta ndiyo inayowasha. Na jiko hilo linatoa cheche, zinaunguza kuta za kijumba kidogokidogo. Huko ni sehemu ya kuzeeka. Hivyo vinavyoitwa viondoa sumu ni maji ya kuzimia cheche. Mwili wenyewe unatengeneza mengi, mengine yamo kwenye mboga na matunda. Mpaka hapo uko sawa."

"Nilijua niko sawa," Bibi Kulwa akasema.

"Sasa mionzi ni nini? Sisi tunawasha cheche makusudi. Tunaziunguza zile seli mbaya zilizojificha kwenye kifua cha bibi. Ndio moto wenyewe huo. Halafu nyinyi kila asubuhi mnapita mbele yetu na ndoo ya maji." Akakigusa kikombe. "Na maji, bibi, hayachagui nyumba. Yanaokoa seli njema, yanaweza kuokoa na ile mbaya."

Mtu mmoja alipita akisukuma kiti cha magurudumu, tukakunja miguu.

"Sijasema ndivyo ilivyotokea," Venant akaendelea. "Wataalamu bado wanabishana kiasi gani kinadhuru. Mchicha aendelee, chungwa ale. Naogopa kitu kilichokolezwa namna hii. Sitaki kubahatisha na maisha yake."

Bibi Kulwa akanyanyuka. Namjua bibi yangu. Akikosewa huwa hakai. "Wewe mtoto," alisema, "mimi nimenywa hiki kabla mama yako hajavunja ungo. Nitazame! Ngozi hii ni ya mtu wa umri gani? Unanitisha kwa maneno ya jiko. Mimi siamini cha kusikia. Nionyeshe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule Mhaya alimtazama tu, akasema, "Njoo saa nane, nikimaliza wagonjwa. Njooni wote."

Saa nane tukawa maabara. Rafiki yake wa humo ndani alimwambia Bibi Kulwa afungue mdomo, akamkwangua shavu kwa ndani na kijiti cha pamba, akapaka kwenye kipande cha kioo, akatia tone la rangi, akaweka chini ya darubini. "Tazama hapo, bibi. Usikonyeze, fumbua jicho," Venant akamwambia.

Bibi Kulwa akainama. Akakaa hivyo muda mrefu. Nikamsikia anapumua.

"Ni nini hivi?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Seli za shavu lako. Ulikuwa nazo mdomoni sasa hivi."

"Mamaa!" Alisema polepole, si kwa kelele. "Winnie, njoo umwone bibi yako."

Nikatazama. Nisikudanganye, nywele zilinisimama. Vilikuwa vitu bapa, vyembamba, vimetawanyika kama chapati zilizomwagwa, na kila kimoja kina nukta nyeusi katikati. Miaka yote nimeshika vichwa vya watu, nimesuka, nimeosha, nimekata, sikuwahi kufikiri kwamba ninachokishika ni umati. Venant alisema mtu mmoja anavyo kwa mamilioni ya mamilioni, na kila kimoja kimewasha jiko lake na kinafanya kazi hata umelala. Nilikaa kwenye kiti.

"Na hazifanani," alisema. Sasa hata yeye macho yalikuwa yanang'aa, uchovu umemtoka. "Hizi za shavuni hazikai, zinabanduka, zinakuja mpya. Ngozi ya juu ya mkono, baada ya mwezi hivi, umevaa nyingine. Zile nyekundu za damu zinaishi kama miezi minne, nazo ndizo zinazobeba hewa, yaani zimebeba kiberiti mgongoni maisha yao yote, kwa hiyo zina maji mengi ya kuzimia kuliko unavyodhani. Lakini seli za moyo, nyingi ni zilezile za utotoni. Za ubongo vilevile. Hizo hazina wa kuzipokea zamu. Mwili unazilinda kwa njia zake wenyewe, na rojo lako, bibi, linaishia njiani, sehemu kubwa yake hata haizifikii."

"Na uso wangu?"

"Uso wako ni turubai, bibi. Umekaa kivulini. Mwenzio jua limemchoma kwa miaka hamsini."

Bibi Kulwa alijishika shavu. Bibi Doto naye akajishika la kwake.

Kisha Venant akaweka kipande kingine cha kioo. "Na hizi ni za uvimbe uliotoka kwa Bibi Doto."

Hatukusukumana safari hii. Mgonjwa mwenyewe ndiye alitazama kwanza, akampisha Kulwa. Nilipofika mimi niliona fujo. Zilikuwa zimebanana, kubwa kwa ndogo, nukta zimevimba, hakuna mstari wala mpango. Ukitoka kuziona zile za shavuni unajua mara moja kwamba hapa kuna kitu kimekosa adabu.

"Seli njema," Venant akasema, "inagawanyika kwa kiasi chake. Ikichoka inazeeka. Ikiharibika sana inajimaliza yenyewe, wenzake wanazoa. Sisi tunaishi kwa sababu zenyewe zinakubali kuzeeka na kufa. Hii imesahau kuzeeka. Ukiichukua ukaiweka kwenye chupa, ukailisha, ukaitunza, inaweza kuendelea kuzaana miaka na miaka baada ya mwenyewe kuzikwa."

"Imesahau kuzeeka," Bibi Kulwa akarudia.

Hakuna aliyeutaja ubao wa Mlango Mmoja. Ulikuwa umesimama humo maabara pamoja nasi, wenye herufi nyekundu.

"Mimi naomba uzee, mjukuu wangu," Bibi Doto alimwambia daktari. "Kila usiku ndicho ninachomwomba Mungu. Anizeeshe mpaka nyusi ziwe nyeupe. Anizeeshe mpaka Winnie achoke kuniogesha." Nikageukia dirishani. Sikutaka waone nalia.

Nadhani Venant alitaka kutuliwaza, ndiyo maana akasema lile jambo. Alisema, "Niwaambie kitu kimoja. Nyuma ya mboni ya jicho kuna kioo, ndicho kinachokuwezesha kuona. Katikati ya kioo hicho kuna seli zilizotengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, na hazibadilishwi tena. Haziondoki hata moja. Mwili unazijazia vitamini na vizuia cheche kuliko ulivyoijazia damu, ili zibaki angavu miaka yote, maana zikiungua hakuna nyingine. Kwa hiyo nyinyi wawili, ngozi zenu zimeshabadilika mara mia, damu imebadilika, lakini katikati ya macho yenu mna kitu kilekile kilichokuwa tumboni kwa mama yenu, mkiwa mmelala ubavu kwa ubavu."

Bibi Kulwa alimwendea mwenzake, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. "Fumbua," akasema. Doto akafumbua. Wakatazamana karibu kabisa, pua kwa pua, wazee wawili, na mimi nikaona kama sistahili kuwepo pale. Daktari akajifanya anafuta vioo.

"Upo," Bibi Kulwa akasema.

"Nipo," akajibu Doto.

Ungedhani mambo yameisha. Weee! Humjui bibi yangu. Tulipofika nje, Doto akasema, "Nimeelewa yote. Lakini Kulwa akinywa, na mimi nitakunywa."

"Bibi Kulwa haumwi," Venant alisema. "Yeye akitaka aendelee."

"Basi na mimi naendelea."

"Mke mwenza!" nilifoka. Ndivyo tunavyoitana, utani wa bibi na mjukuu. "Unataka kufa kwa ajili ya kikombe?"

"Usinipigie kelele, sijawa kiziwi." Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono mapajani. "Unajua pacha anayekula peke yake ni yupi? Ni yule ambaye mwenzake amekufa. Kulwa akinywa peke yake, mimi nimeshakufa, mionzi ya nini tena? Mimi nilikuwa namfuataga tu, tangu tumboni. Siwezi kuanza njia yangu leo."

Tukamtazama Bibi Kulwa wote. Na yeye, jamani? Alifunga chupa yake, akaiweka kapuni, akaondoka akishuka kilima taratibu. Niliumia. Nilisema moyoni, kumbe uso una thamani kuliko ndugu. Halafu nikakumbuka kwamba uso huo ndio uliosomesha watoto wake na ndio ulionipangia mimi saluni, nikaona aibu. Tangu ujana wake hajawahi kuwa kitu kingine ila mwanamke asiyezeeka. Ukimvua hilo, anabaki nani?

Asubuhi tulimkuta kwenye benchi, ametuwahi. Chupa ileile. Akamimina, na kilichotoka kilikuwa cheupe. Maji. Akanywa nusu, akampa Doto nusu.

"Rojo liko wapi?" Doto akauliza kwa mashaka.

"Limekwenda kwenye migomba ya jirani. Migomba yake isipozeeka, shauri yake."

Doto akanywa. Akafuta mdomo, akaingia kwenye mashine.

Bibi Kulwa akanigeukia. "Na wewe, usinipake tena piko."

"Piko halina shida, bibi. Daktari hajasema piko."

"Nimesema mimi. Kama tulikuwa tunagawana cha kuongeza, tutagawana na cha kupunguza."

Na haikuwa mzaha. Mvi zikaanza kutoka shinani, mstari mweupe, ukapanuka kila wiki. Mimi, kwa ufundi wangu, niliumwa kumwona mteja wangu anatembea hivyo mjini. Wateja wa juisi wakaanza kumuuliza, "Bibi, vipi, unaumwa?" Wengine wakahamia kwa jirani. Muuzaji mwenzake mmoja, Shamsia, mwenye mdomo usio na breki, akamwambia mbele ya watu, "Bibi Kulwa, uzee umeruhusiwa lini?" Bibi akamjibu, "Tangu nilipouona ulivyo mgumu kuupata."

Jioni ya siku hiyo aliuteremsha ubao. Hakuutupa, maana ni mbao nzuri. Aliugeuza kifudifudi, akawa anaanikia choya juu yake.

Uso wenyewe haukuporomoka kama alivyoogopa. Lakini kukesha na wasiwasi kulimkondesha, na kupanda kilima kile kila asubuhi juani kukamkolezea rangi. Mikunjo ikaja pembeni mwa macho. Bibi Doto naye, mionzi ilipokwisha, alianza kula, akapata nyama kidogo mashavuni. Alikataa kurudi Magu kabla ya majibu ya vipimo, akawa anashinda kibandani. Nilikuwa nawatazama wakikaa wamekaribiana, mmoja anapanda na mwingine anashuka, na sikuona watakapokutana.

Miezi ikapita. Daktari Venant alikuwa ameondoka kwenda masomoni, akarudi wiki ileile tuliyoitwa kwa majibu ya vipimo vya mwisho. Bibi zangu walivaa kanga za doti moja, maana nilinunua mbili, sheria ni sheria. Tulikaa kwenye lile benchi letu. Sikuweza hata kuchezea simu. Bibi Doto alikuwa anasali bila sauti, nami nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nakosea, naanza upya.

Muuguzi akatoka, binti mgeni, akaja moja kwa moja akamshika Bibi Kulwa mkono. "Bibi Doto, twende nikupime uzito."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Bibi Doto akanikanyaga mguu.

"Mwache," akaninong'oneza. "Hajaitwa hivyo tangu tukiwa wasichana."

Na Kulwa, kweli, akaenda. Akapanda kwenye mzani, mgongo wima. Muuguzi akauliza jina kamili ahakikishe. "Doto Machibya," akasema, bila kupepesa macho, kama alivyokuwa akisema kwa mama yake na shanga za mwenzake mguuni.

Hapo ndipo Venant akatokea mlangoni na bahasha ya picha mkononi. Akamtazama aliye kwenye mzani. Akamtazama aliye kwenye benchi. Vichwa viwili vyeupe, kanga moja, nyuso mbili zilizokuwa uso mmoja. Nilimwona anasoma, anarudi nyuma, anasoma tena. Huyu ni mtu aliyetufundisha kutofautisha seli kwa seli, na alikuwa amekwama.

"Shikamooni," akasema. "Doto ni yupi?"

"Mimi," wakajibu wote wawili.

Akawatazama zaidi, na nikaona midomo inamcheza. Sijui kama aliwahi kujua kweli. Lakini alikuja akasimama katikati, akawaambia wote wawili kwa pamoja, ili asikosee: "Picha ni safi. Hatuoni kitu. Mtaendelea kuja tuwatazame, lakini leo hatuoni kitu."

Bibi Kulwa alishuka kwenye mzani akishikilia ukuta. Alilia kwa sauti, bila aibu, mdomo wazi, na mikunjo yake yote mipya ikajaa maji. Bibi Doto hakulia. Alinyanyuka, akamfuata, akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake, taratibu, mkunjo kwa mkunjo.

"Haya, Kulwa," akasema. "Tuzeeke."

Wakashikana mikono wakaanza kushuka kilima, wakaniachia mimi mikoba yote.